"Kaunti yetu ni shamba tupu": mkopo wa nyumba wa serikali ya Marekani na neno linalowachanganya wengi

Waswahili wanaoishi Marekani wana swali wanaloulizana msikitini, kanisani, kwenye makundi ya WhatsApp na kwenye zamu za usiku viwandani: "Mimi naishi kaunti ya mashambani. Si ninaupata ule mkopo wa nyumba wa serikali usiodai kianzio?" Wanauzungumzia mkopo wenye dhamana ya USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, unaotolewa bila kianzio, ile pesa ya mwanzo ambayo mnunuzi hutoa mfukoni. Anayejibu huwa na uhakika kamili. Huyu atasema ndiyo, kaunti yako yote inaingia. Yule atasema sahau, mkopo ule ni wa wakulima, na wewe unafanya kazi hospitalini.

Wote wawili wamekosea. Kosa la kwanza humfanya mtu aipende nyumba, ailipie ukaguzi, awaahidi watoto vyumba vyao, kisha aambiwe anwani haifai. Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa halionekani: familia inaendelea kulipa kodi ya pango mwaka baada ya mwaka ilhali mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeusukuma. Ndiyo maana nataka tulifungue jambo hili taratibu, tukianza na maneno yenyewe.

Mkopo wenye dhamana ya serikali maana yake si kwamba serikali inakupa pesa. Aliyewahi kukopa kwenye SACCO analijua hili: unajaza fomu, kisha unatafuta wadhamini wa kuweka sahihi. Pesa hazitoki mfukoni mwa mdhamini, zinatoka kwenye SACCO. Mdhamini anachosema ni kwamba huyu akishindwa, msihangaike, nipo. Hapa SACCO ni benki au kampuni ya mikopo ya nyumba, na mdhamini ni serikali ya Marekani. Kwa sababu ya mdhamini huyo mzito, benki inakubali masharti ambayo peke yake isingeyakubali, kama vile kukukopesha bila kianzio.

Tofauti iko kwenye nani analindwa. Dhamana inamlinda mkopeshaji, haikulindi wewe. Ukishindwa kulipa, nyumba inauzwa, jina lako linachafuka kwenye rekodi za mikopo, na benki ndiyo inayofidiwa hasara yake. Nimesikia mtu mzima akisema kwamba ukikwama serikali inakulipia. Haikulipii wewe.

Dhamana za aina hii ziko kadhaa. Ya FHA, wakala wa serikali wa bima ya mikopo ya nyumba, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1934, inapatikana mjini na mashambani, na inadai kianzio cha asilimia 3.5 kwa mwenye alama za mikopo, yaani kipimo cha jinsi anavyolipa madeni yake, 580 au zaidi. Ya VA, wizara ya wanajeshi wastaafu, iliyoanza 1944, ni ya wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi. Ya tatu inatoka Wizara ya Kilimo, ambayo kila mtu huiita USDA, na hii ndiyo yenye sharti la mashambani. Kianzio chake ni sifuri. Kwa nyumba ya dola 200,000, FHA itakutaka uwe na dola 7,000 za kianzio. USDA haitaki hata moja, ingawa gharama za kukamilisha mauzo bado zipo na lazima mtu azilipe. Tofauti hiyo ya dola 7,000, kwa familia inayotuma pesa nyumbani kila mwezi, ni miaka miwili au mitatu ya kujinyima.

Tuje sasa kwenye neno lenyewe.

Neno "kaunti"

Marekani ina kaunti zaidi ya 3,000. Mkenya akilisikia neno hilo anafikiria kaunti 47 za katiba ya 2010, na picha inayomjia ni ya eneo lenye tabia moja: Turkana ni kule, Nairobi ni jiji. Lakini mchukue Kiambu. Ukiwa Ruiru au Thika uko mjini, kuna magorofa, foleni na viwanda. Ukipanda Lari uko kwenye mashamba, ng'ombe na ukungu wa asubuhi. Kaunti ni moja, serikali ni moja. Mtu akikuuliza kama Kiambu ni mji au shamba, jibu la haki ni kumuuliza: Kiambu wapi?

Kaunti za Marekani ziko hivyo hivyo, na nyingine zimezidi. San Bernardino ya California ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 52,000, yaani takriban mara mbili ya nchi ya Rwanda. Ndani yake mna miji mikubwa iliyoshikana na vitongoji vya Los Angeles, na mna jangwa ambamo unaendesha gari saa nzima bila kuona duka. Kwenye takwimu za serikali kaunti hiyo yote inahesabiwa kuwa ya jiji kuu. Coconino, kaunti ya Arizona yenye sehemu kubwa ya bonde la Grand Canyon, nayo inahesabiwa ya jiji kuu, kwa sababu tu mji wa Flagstaff umo ndani yake.

Fujo imeanzia hapo. Serikali ya Marekani haina tafsiri moja ya "mashambani". Ofisi ya Bajeti ya Ikulu inapanga kaunti nzima nzima: kaunti yenye kitovu cha mji wa watu 50,000 au zaidi, pamoja na jirani zake wanaokwenda kufanya kazi humo, inaitwa ya jiji kuu. Ofisi ya Sensa haitazami kaunti kabisa. Inatazama msongamano wa nyumba, na tangu sensa ya 2020 eneo linahesabiwa la mjini likiwa na watu 5,000 au nyumba 2,000. Kwa kipimo hicho, Mmarekani mmoja kati ya kila watano anaishi mashambani. Halafu USDA ina tafsiri yake, na hata ndani ya USDA yenyewe mikopo ya biashara ina mstari tofauti na mikopo ya nyumba. Kwa hiyo mtu anaweza kusoma kwenye gazeti kwamba kaunti yake ni ya mashambani, taarifa ikawa kweli tupu, na isimsaidie kitu kwenye mkopo wa nyumba.

Tafsiri inayohusu nyumba imo kwenye Sheria ya Nyumba ya 1949, ile aliyoitia sahihi Rais Harry Truman. Ukiiondolea lugha ya mawakili, inasema hivi: nyumba iwe sehemu ya wazi, au kwenye mji mdogo usioungana na jiji. Mji wa watu wasiozidi 2,500 unaingia. Wa kati ya 2,500 na 10,000 unaingia kama sura yake bado ni ya mashambani. Wa kati ya 10,000 na 20,000 unaingia kama hauko ndani ya eneo la jiji kuu na kuna uhaba mkubwa wa mikopo ya nyumba kwa familia za kipato cha chini na cha kati. Ipo pia huruma kwa miji iliyokuwa inakubalika zamani kisha ikakua: mingine inaruhusiwa kubaki mpaka ifike watu 35,000, kiwango kilichopandishwa na sheria ya kilimo ya 2014.

Tazama vizuri. Hakuna mahali sheria inapouliza kama kaunti yako ni ya mashambani. Inauliza kuhusu mahali nyumba ilipo, na kama pameungana na mji mkubwa.

Chukua Bowling Green, Kentucky, mji ambao wengi wetu tunaujua kwa sababu Wakongomani wanaozungumza Kiswahili wamehamishiwa huko kwa miaka mingi. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya 72,000. Ukitoka nje kidogo ni mashamba ya mahindi na ng'ombe, na mtu aliyezoea Lubumbashi au Dar es Salaam ataapa kwamba pote pale ni shamba. Lakini mji wa watu 72,000 umepita kila kiwango nilichokitaja, kwa hiyo nyumba iliyo ndani ya mji haiwezi kuingia. Nje ya mji habari ni nyingine, na huko jibu linapatikana anwani moja baada ya nyingine.

Jibu hilo liko kwenye ramani ya USDA kwenye intaneti, na ni bure. Unaandika anwani ya nyumba unayotaka kununua, siyo ya unakoishi sasa, na ramani inakuambia. Wengi huteleza mahali pawili. Kwanza, ramani ina programu kadhaa juu yake, za biashara na za nyumba. Usipochagua ile ya nyumba za familia moja yenye dhamana, unasoma jibu la swali la mtu mwingine. Pili, sehemu zilizopakwa rangi ndizo zisizofaa. Watu huona rangi wakafurahi, wakidhani ndiyo sehemu teule. Ni kinyume chake: palipopakwa rangi hapakubaliki. Na mpaka unaweza kupita katikati ya barabara, nyumba za kushoto ziwe nje na za kulia ziwe ndani.

Kwa hiyo wakala anayekuambia "usijali, kaunti hii inaingia" kabla hajakuuliza anwani, msikilize kwa tahadhari. Anaweza kuwa na nia njema kabisa. Ila hajajibu swali.

Kaunti ina kazi gani basi?

Inayo kazi, tena kubwa, ila mahali ambapo watu hawatazami. Kaunti haitumiki kupima shamba. Inatumika kupima kipato chako.

USDA haitaki mkopo huu uende kwa matajiri, kwa hiyo imeweka dari ya mapato, na dari hiyo hupangwa kwa kila kaunti au kila eneo la jiji kuu. Msingi wake ni kipato cha kati. Zipange familia zote za eneo kwenye mstari, kuanzia ya chini hadi ya juu. Ile iliyosimama katikati ndiyo yenye kipato cha kati, na dari ya mkopo wa dhamana ni asilimia 115 ya kipato hicho. Kuna dari ya chini kabisa, ambayo ndiyo inayotumika sehemu nyingi za nchi. Mwaka 2025 ilikuwa dola 119,850 kwa kaya ya watu 1 hadi 4, na dola 158,250 kwa kaya ya watu 5 hadi 8. Kaunti zenye maisha ghali zina dari ya juu zaidi.

Neno la kuangalia hapo ni kaya. Wanaohesabiwa si wale wanaoweka sahihi tu, ni kila mtu mzima mwenye kipato atakayeishi ndani ya nyumba ile. Kwa Wamarekani wengi jambo hili halina uzito, maana nyumba ina mume, mke na watoto. Kwetu nyumba ina shemeji, ina mpwa aliyemaliza shule, ina mama mdogo aliyekuja mwaka jana na sasa anafanya kazi kiwandani.

Tuseme mke ni muuguzi wa dola 70,000 kwa mwaka, mume anaendesha mashine ya kubebea mizigo ghalani kwa dola 42,000, na wana mtoto mmoja. Jumla ni 112,000, wako chini ya dari. Akija mdogo wake mume, anayelipwa 38,000 kwenye kiwanda cha nyama, kaya inakuwa ya watu wanne na jumla inapanda hadi 150,000. Wamepita dari. Sasa tuseme familia ile ile ina watoto wawili badala ya mmoja. Kaya ni ya watu watano, dari inahamia 158,250, na ghafla wamerudi ndani, shemeji akiwa pale pale sebuleni. Zipo pia hesabu za kupunguza, kwa mfano kwa kila mtoto anayekutegemea na kwa gharama za kumlea mtoto mdogo wakati uko kazini, kwa hiyo aliyepita dari kidogo asikate tamaa kabla hesabu kamili haijafanywa.

Jambo moja nalisema kwa uzito: usimfiche shemeji. Kuna watu hushauriana hivyo, "usimtaje, hawatajua." Fomu ya mkopo wa serikali ni tamko la kisheria. Kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado ziko njiani, uongo kwenye fomu ya serikali kuu ni hatari isiyolingana na nyumba yoyote.

Kipimo cha dari hakiulizi kama unaweza kulipa. Kwa hilo kuna kipimo kingine, na hapo huhesabiwa kipato cha waliosaini peke yao. Kwa kawaida gharama za nyumba, yaani mkopo, kodi ya ardhi, bima na ada, zisizidi asilimia 29 ya kipato cha mwezi kabla ya makato, na madeni yote kwa pamoja yasizidi asilimia 41. Anayepata dola 5,000 kwa mwezi ana nafasi ya dola 1,450 za nyumba na dola 2,050 za madeni yote. Lile gari jipya la mkopo la dola 700 kwa mwezi linaweza kukunyima nyumba kuliko kitu kingine chochote kwenye makala haya.

"Si wa wakulima?"

Uvumi huu una asili yake, na asili yenyewe inaeleweka. Mwaka 1949 mikopo hii kweli ilikuwa ya wenye mashamba. Ilikuwa mwaka 1961 ndipo Bunge la Marekani lilipoifungua kwa wakazi wa mashambani wasio wakulima, na dhamana kwa mikopo ya benki ikaongezwa kwa sheria ya 1990. Jina la Wizara ya Kilimo likabaki mlangoni. Leo mwalimu, dereva wa lori, muuguzi na fundi wa magari wote wanaukopa. Kwa hakika mkulima ndiye anayehitaji kuwa makini: mkopo hauruhusu kununua shamba la biashara. Bustani ya mchicha na sukuma wiki nyuma ya nyumba, hata ukiuza kidogo, haina tatizo. Nyumba lazima iwe ya kuishi wewe mwenyewe, si ya kupangisha. Na si lazima iwe nyumba yako ya kwanza maishani, ingawa wengi huambiwa hivyo.

Bure kabisa nao haupo. Mwanzoni kuna ada ya dhamana ya asilimia 1, ambayo inaweza kuunganishwa kwenye mkopo, na kila mwaka kuna asilimia 0.35 ya deni lililobaki. Kwa mkopo wa dola 200,000 hiyo ni 2,000 mwanzoni na karibu dola 58 kwa mwezi mwaka wa kwanza. Riba haibadiliki kwa miaka 30 yote.

Hadhi yako kisheria nayo inahesabika. Raia anakubalika, na mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu pia. Sheria ya 1996 inawataja na wakimbizi pamoja na waliopewa hifadhi katika kundi la wageni wanaostahiki misaada ya serikali kuu. Mwenye viza ya kazi ya muda hayumo. Na asidhani FHA ni kimbilio lake: tangu tarehe 25 Mei 2025, FHA nayo imefunga mlango kwa wasio wakaazi wa kudumu. Sheria za upande huu zinabadilika haraka siku hizi, kwa hiyo ushauri wa jirani aliyenunua nyumba 2022 usiuchukue kama ulivyo.

Kuna ndugu wa mkopo huu ambao watu wetu hawauzungumzii vya kutosha, na mimi naona ndio unaowafaa wengi zaidi. Ni mkopo wa moja kwa moja. Huu hauna benki katikati. USDA yenyewe ndiyo inayokukopesha, na maombi hupelekwa kwenye ofisi yake ya Maendeleo Vijijini. Ni wa familia za kipato cha chini na cha chini kabisa, zisizoweza kupata mkopo wa kufaa kwingine. Muda wake ni miaka 33, na kwa wenye kipato kidogo zaidi unafika 38. Serikali inaweza kukupunguzia malipo ya kila mwezi mpaka yawe kana kwamba riba ni asilimia 1. Ukija kuiuza nyumba au kuhama, sehemu ya punguzo lile unaweza kudaiwa uirudishe, na hilo uliulize kabla ya kusaini. Foleni yake ni ndefu kwa sababu inategemea fungu la Bunge. Lakini kwa mama anayelea watoto watatu kwa mshahara mmoja wa kufua mashuka hotelini, ni mkopo unaostahili kusubiriwa, na sharti la ramani ni lile lile: anwani.

Bunge linagusa hata ule wa dhamana. Serikali ilipofungwa kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 12 Novemba 2025, ofisi za USDA zilisimama kutoa idhini mpya, na waliokuwa wamebakiza hatua moja tu wakakwama. Ukiona habari za mvutano wa bajeti Washington wakati uko katikati ya kununua, mpigie mkopeshaji wako siku hiyo hiyo umuulize faili lako limefika wapi.

Kuna hofu moja ya mwisho niliyoisikia kwa wengi, na ni ya haki. Ramani hupitiwa upya mara kwa mara, hasa baada ya sensa. Mji uliokuwa wa mashambani unajengeka, maduka makubwa yanakuja, na siku moja mtaa wako unapakwa rangi. Je, mkopo wako utafutwa? Haufutwi. Mahali hupimwa wakati wa kuomba. Aliyeingia ameingia, na nyumba yake inaendelea kuwa yake kwa masharti yale yale aliyosaini, hata mji ukimfuata mpaka mlangoni.